Tukigawanya sehemu, kwa nini tunapindua ile ya pili?

MamaMdadisi (mwanzisha mada)

Habari zenu wana jukwaa. Naomba msaada, na naomba mnisome hadi mwisho, kwa sababu kanuni yenyewe naijua.

Binti yangu ana miaka kumi na moja. Jana usiku tulikaa mezani na mazoezi yake ya sehemu. Kuzidisha hakukumsumbua: 3/4 × 2/5, kiasi (namba ya juu) kwa kiasi, asili (ya chini) kwa asili, 6/20, akarahisisha akapata 3/10. Akaingia kwenye kugawanya, tena kwa namba zilezile: 3/4 ÷ 2/5. Akapindua 2/5 ikawa 5/2, akazidisha, akapata 15/8, yaani 1 na 7/8. Nikamwekea vema.

Ndipo akaniuliza: "Mama, kuzidisha si kuongeza? Mbona nimeizidisha 3/4 ikashuka mpaka 3/10? Na kugawanya si kupunguza? Mbona nimeigawanya 3/4 ikakua hadi ikapita 1?" Kabla sijafungua mdomo akaongeza la tatu: "Halafu kwa nini tunapindua ya pili, hatupindui ya kwanza?"

Nikamwambia ndivyo kanuni ilivyo. Akanitazama, akalifunga daftari taratibu, akasema, "Sawa."

Ile "sawa" yake imeninyima usingizi. Mimi nilifundishwa hivyohivyo, pindua uzidishe, na nikauliza mara moja tu, nikaambiwa nisipoteze muda wa wenzangu. Sikuuliza tena hesabu maisha yangu yote. Sitaki yampate yeye. Naomba mtu anieleze kwa namna ambayo nitaweza kukaa naye tena leo jioni nikamwonyesha.

---

Kalamu_Nyekundu

Pole dada. Ni hatua tatu: sehemu ya kwanza iache ilivyo, alama ya ÷ ibadili iwe ×, ya pili ipindue. Kama kuna namba mchanganyiko igeuze kwanza iwe sehemu guni, yaani yenye juu kubwa kuliko chini. Mfano 1 na 1/2 ÷ 3/4: andika 3/2 × 4/3 = 12/6 = 2. Akifanya mazoezi kama ishirini hivi itakaa kichwani yenyewe.

---

MamaMdadisi

Asante ndugu yangu, hizo hatua anazo, na majibu anayapata. Anachotaka ni sababu.

---

Mwalimu_Mstaafu

Mama, nimefundisha hesabu miaka 31 na sasa nimepumzika. Swali la binti yako nimeulizwa mara chache mno, na kila nilipoulizwa nilijua darasani mna mtu anayefikiri. Usikubali daftari hilo libaki limefungwa. Kaa chini, chukua karatasi na penseli, usome huku unachora.

Tuanze na neno "kuzidisha", maana ndilo linalomtatiza, na ana haki. Limetoka kwenye kuzidi. Tulipokuwa na 2, 3 na 4 neno lilisema kweli, kila tukizidisha tulipata zaidi. Tulipohamia kwenye sehemu tukalibeba vilevile bila kumtahadharisha mtoto. Mwambie alama × aisome "mara". 6 × 3, sita unaichukua mara tatu. 6 × 1, unaichukua mara moja, inabaki ilivyo. 6 × 1/2, hujafikisha hata mara moja, umeichukua nusu mara tu. Itazidi vipi? Akishajua kwamba mpaka ni 1, kwamba ukizidisha kwa kitu kilicho chini ya 1 lazima upungue, nusu ya fumbo lake imekwisha.

Halafu kuna neno dogo kabisa ambalo amekuwa akilitumia tangu alipoanza kusema: "ya". Robo ya nusu. Nusu ya robo tatu. Kila unapotia "ya" kati ya sehemu mbili, umezidisha. Mpe ukanda mwembamba wa karatasi aukunje katikati, apate nusu. Bila kuukunjua, aukunje katikati tena, na tena, sasa ameshika robo ya ile nusu. Akiukunjua na kuhesabu atakuta vipande 8. Robo ya nusu ni thumuni: 1/4 × 1/2 = 1/8. Kila kipande kati ya 2 kimegawanyika vipande 4, ndiyo sababu asili huzidishwa kwa asili. Hayo ameyafanya kwa vidole vyake, hakuna wa kumwambia ndivyo kanuni ilivyo.

Sasa namba zenu. Chora mstatili mkubwa. Ugawe kwa mistari ya wima upate safu wima 4 zilizo sawa, kisha kwa mistari ya mlalo upate safu mlalo 5. Una visanduku 20. Safu wima moja ni robo, basi 3/4 ni safu wima tatu. Zitie kivuli, visanduku 15. Unataka 2/5 *ya* hivyo. Safu mlalo moja ni humusi, basi chukua safu mlalo mbili ndani ya kivuli: 3 kwa 2, visanduku 6. Katika 20. Hiyo ndiyo 6/20 yake.

Usiufute mchoro. Kugawanya kumo humohumo.

Tukiwa wadogo tulifundishwa kugawanya kwa kugawia watu: 12 kwa watu 3, kila mmoja anapata ngapi? Ni picha nzuri, ila ukiipeleka kwenye sehemu inakuwa nzito kuifikiria, kwa sababu watu 2/5 hawapo. Lakini 12 ÷ 3 ina swali la pili, na hilo halikwami popote: ndani ya 12 mna tatu ngapi? Muulize binti yako, nusu ina robo ngapi? Atakujibu mbili bila kushika kalamu. Basi amegawanya: 1/2 ÷ 1/4 = 2. Na mbona 2 ni kubwa kuliko nusu? Kwa sababu ile 2 haihesabu nusu, inahesabu *robo*. Kadiri kipimo kinavyokuwa kidogo ndivyo kinavyoingia mara nyingi. Simamia hapo kwa muda, usimharakishe. Mpe 3 ÷ 1/2, mpe 3/4 ÷ 1/8, aseme kwa maneno kabla ya kuandika: tatu ina nusu ngapi, robo tatu ina thumuni ngapi. Atapata 6 na 6.

Rudini kwenye mstatili. 3/4 ÷ 2/5 inauliza: robo tatu ina humusi mbili ngapi? Robo tatu ni visanduku 15. Humusi mbili ni safu mlalo mbili nzima, zenye visanduku 4 kila moja, yaani visanduku 8. Kwa hiyo swali zima limebaki hivi: visanduku 15 vina mafungu mangapi ya visanduku 8? 15 ÷ 8. Fungu moja kamili, na vinabaki 7 kati ya 8 vinavyotakiwa kwa fungu jingine. 1 na 7/8. Hajapindua kitu chochote.

Na sasa mwulize: 15 ilitoka wapi? Safu 3 zenye visanduku 5, 3 × 5. Na 8? Safu 2 zenye visanduku 4, 2 × 4. Aandike:

(3 × 5) / (4 × 2)

Aitazame. Ni 3/4 × 5/2. Ile 5 iliyokuwa chini imepanda juu kwa sababu ndiyo inayotuambia robo moja ina visanduku vingapi, na ile 2 imeshuka kwa sababu iko ndani ya kipimo. Kupindua ni njia ya mkato ya kuhesabu visanduku bila kuvichora.

Na swali lake la tatu, kwa nini hatupindui ya kwanza? Kwa sababu kinachopimwa na kinachopimia si kitu kimoja. Akipindua ya kwanza atapata 4/3 × 2/5 = 8/15, na hilo ni jibu sahihi la swali jingine: humusi mbili zina robo tatu ngapi? Mwache aone kwamba 15/8 na 8/15 ni ndugu.

---

Seremala_wa_Zamu

Shikamoo mwalimu. Nimesoma mara mbili. Mimi ni fundi seremala, na nataka kuongeza jambo lililowahi kutugombanisha mimi na kijana ninayemfundisha kazi, maana najua mtoto atalikuta.

Tulikuwa na ubao wa mita 2, tunataka vipande vya robo tatu mita. Nikamwambia apige hesabu kabla ya kugusa msumeno. Akaandika 2 ÷ 3/4 = 2 × 4/3 = 8/3, vipande 2 na 2/3. Tukapima, tukakata, vikatoka vipande viwili. Kilichobaki nikakipima kwa tepu: nusu mita (pungufu kidogo tu, maana meno ya msumeno hula upana wao kila unapokata). Nikamwambia kakosea, jibu ni 2 na nusu, ubao si huu hapa? Akang'ang'ania karatasi yake. Akatoa kikokotoo, kikamwonyesha 2.6666. Mimi nikaonyesha ubao. Kila mmoja alikuwa na ushahidi mkononi.

Nilikuja kuelewa usiku nikiwa nimelala. Kipande kilichobaki ni nusu *mita*, hilo ni kweli. Lakini hesabu haikuulizwa mita, iliulizwa *vipande*. Nusu mita ni sentimita 50, kipande kizima ni sentimita 75. 50 kwa 75 ni thuluthi mbili. Kwa hiyo nilikuwa na vipande viwili na thuluthi mbili ya kipande, kama kijana alivyoandika. Asubuhi nilimwita nikamwambia alikuwa sahihi, na nikamweleza kwa nini nami sikuwa nimeota.

Kwa hiyo mama, kwenye ule mchoro wa mwalimu, binti akibaki na visanduku 7 asije akaandika 7/20. Visanduku 7 ni 7/20 ya mstatili lakini ni 7/8 ya fungu. Jibu la kugawanya huhesabiwa kwa kipimo ulichopimia.

---

Mwalimu_Mstaafu

Marahaba fundi. Hapo ndipo wengi wanapoangukia, na umeeleza vizuri kuliko nilivyowahi kueleza ubaoni. Nikiwa kazini nilikuwa nawalazimisha wanafunzi waandike neno mbele ya jibu: vipande 2 na 2/3, mafungu 1 na 7/8. Namba isiyo na neno mbele yake ni rahisi kuisoma vibaya.

---

Kidato_cha_Pili

Samahanini wakubwa, naomba na mimi niulize hapahapa. Kwenye kuzidisha tunapeleka juu kwa juu na chini kwa chini. Kwa nini kugawanya tusifanye vilevile? Mtihani uliopita nilikuwa na 8/15 ÷ 2/3. Nikaandika 8 ÷ 2 = 4, 15 ÷ 3 = 5, jibu 4/5. Nilikoseshwa, nikaambiwa njia hiyo haipo. Lakini nikipindua napata 24/30, ambayo ni 4/5 ileile. Nilibahatisha?

---

Mwalimu_Mstaafu

Hukubahatisha, mwanangu. Njia hiyo ipo na ni sahihi daima. Kugawanya hutengua kuzidisha: kama 4/5 × 2/3 inatoa 8/15, juu kwa juu na chini kwa chini, basi kurudi nyuma ni juu kwa juu na chini kwa chini vilevile. Jibu lako lilistahili alama zake zote.

Sababu ya kutoifundisha ni kwamba mara nyingi namba hazigawanyiki. Jaribu na ile ya dada: 3/4 ÷ 2/5. Juu 3 ÷ 2 ni 1.5, chini 4 ÷ 5 ni 0.8. Umepata 1.5 juu ya 0.8. Haijaharibika, imekaa vibaya tu. Zidisha juu na chini kwa 10: 15/8. Umerudi palepale! Na ukitaka usipite kwenye desimali, zidisha juu na chini kwa 2 na kwa 5 ili kuondoa migawanyo yote miwili, utaona 3 × 5 inabaki juu na 4 × 2 inabaki chini. Ndiyo kupindua tena, umeingilia mlango mwingine.

Kanuni yenyewe ni ya kale sana. Brahmagupta wa India aliiandika mwaka 628, kwamba kiasi na asili ya kile unachogawanyia vibadilishane nafasi, kisha uzidishe. Wamisri wa kale zaidi waliandika karibu sehemu zote kwa kiasi cha 1 pekee, isipokuwa thuluthi mbili waliyokuwa na alama yake. Kwao 3/4 ilikuwa nusu na robo. Nilipenda kuwaambia wanafunzi haya kwa sababu walidhani hesabu zilishushwa zikiwa zimekamilika.

---

MamaMdadisi

Nimerudi. Niwaeleze kilichotokea.

Jana jioni sikumwambia "njoo tusome". Nilikaa mezani peke yangu nikaanza kukunja ukanda wa karatasi. Akaja mwenyewe. Aliukunja, akaukunjua, akahesabu nane kwa kidole kimoja kimoja, na alipofika kwenye mstatili akaninyang'anya penseli. Visanduku kumi na tano alivitia kivuli. Halafu akazungushia nane kwa mstari mnene, akahesabu vilivyobaki, saba, akanyamaza kidogo. Akasema, "Kumbe kimekosekana kimoja tu zingekuwa mbili." Nikahisi machozi. Hilo ndilo jibu, 1 na 7/8 ni mbili kasoro kisanduku kimoja, na mimi niliyemwekea vema juzi sikuwa nimeliona.

Nimebaki na mawili. Kwanza, alizidisha 2 na 1/2 × 1 na 1/3 akaandika 2 na 1/6: nzima kwa nzima, sehemu kwa sehemu. Najua ni kosa, nimemwambia ageuze ziwe guni, ila sijui kumwonyesha kosa liko wapi. Pili, ile tabia ya kukata namba kwa mshazari kabla ya kuzidisha, anaipenda sana na wakati mwingine inamtupa.

---

Mwalimu_Mstaafu

La kwanza, mstatili tena. Upande mmoja 2 na 1/2, mwingine 1 na 1/3. Chora mstari panapokutana nzima na sehemu kwa kila upande, utapata vyumba vinne, si viwili. 2 × 1 ni 2. 2 × 1/3 ni 2/3. 1/2 × 1 ni 1/2. 1/2 × 1/3 ni 1/6. Yeye alihesabu chumba cha kwanza na cha mwisho, viwili vya pembeni akavisahau. Jumlisha vyote: 3 na 1/3. Kisha afanye kwa guni, 5/2 × 4/3 = 20/6, aone zinakubaliana.

La pili linataka uangalifu. Kukata ni halali kwenye kuzidisha, na ni vizuri akizoea: 14/15 × 25/28, 14 na 28 zinagawanyika kwa 14, 25 na 15 kwa 5, inabaki 1/3 × 5/2, yaani 5/6, hakuna namba kubwa za kumchosha. Kosa ni kukata kwa mshazari kabla hajapindua. Tuseme 4/9 ÷ 3/8. Akikata 4 na 8, 9 na 3, huku alama bado ni ÷, atabaki na 1/3 ÷ 1/2 na kupata 2/3. Jibu sahihi ni 4/9 × 8/3 = 32/27, wala hakuna cha kukata.

Mfundishe kulishuku jibu kabla ya kulikubali. 4/9 na 3/8, ipi kubwa? Kwa asili ya 72 ni 32 na 27. 4/9 ni kubwa. Basi kikubwa kinapimwa kwa kidogo, lazima kiingie zaidi ya mara moja. 2/3 haiwezekani. Awe anajiuliza hivyo kila mara kabla ya kushika kalamu: jibu litapita 1 au halitafika?

---

Kalamu_Nyekundu

Mwalimu, nimefundisha wadogo zangu zile hatua tatu miaka yote na sikuwahi kuwachorea kisanduku hata kimoja. Leo nawapigia simu.

---

MamaMdadisi

Mwalimu, fundi, nyote, Mungu awabariki. Vyumba vinne vimeeleweka.

Ila amekuja na jingine sasa hivi, naandika huku amesimama begani kwangu. Anasema 0/5 ni sehemu pia, imeandikwa kama nyingine. Tukigawanya 3/4 kwa 0/5 na kupindua, tunapata 5/0. Anauliza hiyo ni ngapi. Nimemwambia sijui, lakini namjua wa kumwuliza.

---

Mwalimu_Mstaafu

Msimulie hivi, au asome mwenyewe kama bado yuko begani: rudi kwenye mstatili wako wenye kivuli cha visanduku 15. Humusi sifuri ni safu mlalo sifuri, yaani visanduku sifuri. Anza kuzungushia mafungu ya visanduku sifuri sifuri kwa mstari mnene kama ulivyofanya jana, na uendelee mpaka visanduku 15 viishe. Ukishaona kinachotokea, niandikie wewe mwenyewe, si mama.